Mtaro Huu ni wa Nani?

Ukatibu wa kikundi cha wakazi nilipewa kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka. Nauza nafaka katika mtaa mmoja upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, na daftari langu la wadeni limepita mikononi mwa watu wengi, wengine wakiwa wamekasirika, lakini hakuna aliyewahi kusema hakuelewa nilichoandika. Mwenyekiti wetu, dereva mstaafu wa matatu, alisimama akasema, "Katibu atakuwa Mama Nafaka," watu wakapiga makofi, mkutano ukafungwa kwa maombi. Kuniuliza kama nina nafasi hakukuwa kwenye ajenda.

Kikundi chenyewe kilianza kwa kuchangiana wakati wa msiba. Siku hizi kimesajiliwa katika afisi ya maendeleo ya jamii, kina muhuri, kina akaunti, na kina barua nyingi kuliko pesa. Barua hizo ndizo zilizonifundisha jinsi kaunti inavyofanya kazi, maana katika mikutano yote ya kampeni niliyohudhuria tangu 2013 sikumsikia hata mmoja akieleza. Nilichokiona ni kwamba karibu kila huduma tunayoililia ina mwenyewe, na ina mwezi wake. Ukimlilia asiye mwenyewe, au ukalia hesabu zikiwa zimeshafungwa, utasikika sana na hutapata kitu.

Kilichotuingiza katika haya yote ni mtaro.

Mtaa wetu uko njiani ambapo maji ya mvua hupita kutoka sehemu za juu za mji yakiteremka kuelekea ziwani. Anayeijua Nakuru anaujua udongo wake, majivu ya volkano, mwepesi, vumbi tupu wakati wa kiangazi, na mvua ikikolea huyeyuka kama sukari ndani ya chai. Upande huu wa mji kuna mahali ardhi hupasuka kabisa, ufa ukatokea katikati ya shamba la mtu au kando ya msingi wa nyumba. Kwa hiyo maji yasiyo na njia hayatuletei matope peke yake, yanaondoka na ardhi tunayoikanyaga. Mtaro wetu ulichimbwa enzi za manispaa, ulikuwa mwembamba, umejaa mchanga na chupa za plastiki, na kule chini unapokutana na barabara kubwa kulikuwa na kalvati ndogo ambayo hata mbwa angepita kwa kujibana.

Tulianza kwa chifu, kama watu wengi wanavyoanza. Alitupokea vizuri, akaandika kwenye kitabu chake, kisha akasema, "Mama, nitawapigia simu wanaohusika, lakini hii si yangu." Alikuwa anasema kweli. Chifu ni mtu wa serikali ya kitaifa. Ukitaka barua ya kitambulisho, ukiwa na ugomvi wa mpaka au mtoto amepotea, huyo ndiye wako. Mtaro hana. Tukaenda afisi ya mbunge, tukaambiwa hazina ya eneo bunge, ile tunayoiita CDF, inajenga madarasa, inasaidia vituo vya polisi na kutoa basari, yaani kazi za serikali ya kitaifa. Tukamfuata mwakilishi wadi. Huyu walau alikuwa mtu wa kaunti, ila naye alituambia jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuwachunguza wanaoitumia. Wanaochimba mitaro ni idara zilizo chini ya gavana. Mwenyekiti alitoka pale amechoka. "Mama Nafaka," akaniambia, "huu mtaro hauna baba."

Baba yake alipatikana dukani kwangu. Kuna mzee ambaye hununua njugu kila mwisho wa wiki, mpole, mwenye kofia ya zamani ya manyoya. Sikujua kwamba alikuwa karani wa manispaa moja huko nyuma, kabla ya mabaraza ya miji kuvunjwa na kaunti kuingia baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Aliposikia tunalalamika alicheka, akavuta kiti cha plastiki, akaketi. "Msiulize nani atautengeneza," alisema. "Ulizeni barabara iko kwenye daftari la nani."

Ndipo akatueleza. Sheria ya barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu za kitaifa: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya mijini na KeRRA ya mashambani. Katiba ya 2010 ilipokuja, Jedwali la Nne likazipa kaunti barabara za kaunti, na tangu hapo daftari hilo limekuwa la kuvutana. Magavana na wabunge wamegombania hata fedha za ushuru wa mafuta zinazotengewa matengenezo ya barabara. Sisi wa chini tunaona lami, au tunaona mahali lami ingekuwa. Lakini mtaro hufuata barabara yake, na kalvati hufuata barabara inayopitia juu yake. Tulipokwenda kuuliza kwa namna hiyo, jibu lilipatikana upesi ajabu: barabara ya mtaani, pamoja na mtaro wake, ni ya kaunti. Ile kubwa ya chini, yenye kalvati, ni ya mamlaka mojawapo ya kitaifa. Maji ni yale yale, afisi ni mbili. Kwa hiyo barua zikawa mbili.

Mzee alikataa malipo. Nilimpimia njugu nusu kilo na nusu nyingine juu yake, akajifanya hakuona.

Siku nyingine alinisimulia enzi zake, na ilinipunguzia dhana moja niliyokuwa nayo, kwamba wananchi walianza kuulizwa maoni baada ya Katiba mpya. Alisema hata chini ya ile Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, kulikuwa na LATF, fungu lililotoka katika kodi ya mapato na kugawiwa mabaraza, asilimia 5, na ili kulipata baraza lilihitajika kukaa na wakazi na kuchagua miradi. Vikao hivyo viliitwa LASDAP. Wazee wa mtaa waliokuwepo wanavikumbuka. Wanakumbuka pia kwamba madiwani walikuja na orodha zao mfukoni. Kilichobadilika sasa ni uzito wa sheria: Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimisha bunge la kaunti kuwahusisha wananchi katika kazi zake, na Kifungu cha 201 kinataka mambo ya fedha za umma yawe wazi na yenye kushirikisha watu. Mkazi aliyepuuzwa zamani alinung'unika. Leo anaweza kwenda mahakamani, na kuna sheria za kaunti mbalimbali ambazo zimefutwa na majaji kwa sababu umma haukuhusishwa ipasavyo.

Sasa nije kwenye kalenda, maana hapa ndipo nilipofumbuka macho.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kabla ya bajeti kufika huko kuna karatasi kadhaa, na kila karatasi ina tarehe iliyowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kufikia Septemba 1, serikali ya kaunti hupeleka katika bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, yaani orodha ya miradi inayofikiriwa. Kufikia Februari 28 hupeleka mkakati wa fedha, unaosema kila idara itapata kiasi gani. Kufikia Aprili 30 makadirio yenyewe yawe yamefika. Mei na Juni ni za kamati na marekebisho. Baada ya hapo ni Mswada wa Fedha, ule wa ada na ushuru, ambao wafanyabiashara wadogo huusikia siku wanapoambiwa leseni imepanda.

Tazama sasa mvua ya Nakuru. Masika hukolea Aprili na Mei. Ndiyo kusema hasira ya mafuriko hufika kileleni wakati fungu la kila idara limeshakatwa tangu Februari. Watu wanapiga simu redioni, wanachoma matairi, mheshimiwa anakuja na viatu vya mpira kupigwa picha, kila mtu anaahidiwa, na ahadi hiyo haina mahali pa kukaa hadi mwaka mwingine wa fedha. Julai vumbi linarudi. Agosti inakuja na mvua yake ya katikati ya mwaka, na mpango wa maendeleo unaandikwa mwezi huo huo, lakini nani anakumbuka? Ukitaka mtaro Nakuru, uandike barua ya mafuriko Januari, huku ukifuta vumbi mezani. Majirani waliniona kama niliyerukwa na akili nilipopita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi za mtaro wakati jua limekaza hata mbwa hawabweki. Mama mmoja aliniuliza, "Kwani kuna mvua inakuja?" Nikamwambia inakuja bajeti.

Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi vinahitaji mtu avizoee. Tangazo hutolewa gazetini na kubandikwa mbaoni, kwa kawaida kwa Kiingereza, ingawa Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 7, imezifanya Kiswahili na Kiingereza zote mbili kuwa lugha rasmi. Unaingia ukumbini, unajiandikisha, unapewa maji ya chupa. Vitabu vya bajeti ni vinene na ni vichache. Wapo waliokuja kupaza sauti kwa niaba ya mwanasiasa, na hao hupata kipaza sauti mapema. Kikao cha kwanza nilichohudhuria, mzungumzaji aliyenigusa hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, kutoka mtaa mwingine, aliyenyoosha mkono wake kuonyesha alama ya maji ilipofika kwenye ukuta wa chumba chake, kisha akasema jina la barabara, jina la shule iliyo karibu, na idadi ya nyumba. Akaketi. Afisa aliyekuwa akiandika aliandika kweli kweli. Waliotoa hotuba ndefu za ukombozi wa wadi sidhani kama walipata zaidi ya mstari mmoja. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mimi ningeongeza kwamba hata aliyekuwepo, asipoacha karatasi, lake huwa shakani.

Karatasi yetu tuliiandika kwa ukurasa mmoja. Fundi wa mtaa alileta futi ya kupimia, vijana wakashika upande mmoja na mwingine, tukapata urefu wa mtaro kutoka kwenye kibanda cha makaa hadi kalvati ya chini. Tukaandika urefu, upana uliopo, upana unaohitajika kwa maoni ya fundi, nyumba zinazofikiwa na maji, na chekechea iliyo kando. Tukaambatisha picha zilizochapishwa za mvua ya mwaka uliopita, maana kijana mmoja wa boda alikuwa nazo kwenye simu. Tuliandika kwa Kiswahili, na hakuna aliyeikataa. Tukatoa nakala mbili. Moja ilibaki afisini na ya pili ikagongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Usitoke afisi ya serikali bila muhuri huo. Nimeona watu wazima wakiambiwa, "Hiyo barua haikufika," na wanabaki wakitazama dari.

Na mahali pa kuipeleka palikuwa karibu kuliko tulivyodhani. Kila wadi ina msimamizi wake aliyeajiriwa na kaunti chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Nakuru ina wadi 55, kwa hiyo wapo. Wengi mtaani kwetu walikuwa wanamjua mwakilishi wadi hadi gari lake, na msimamizi hawajawahi kumsikia. Yeye hachaguliwi, hana mabango, na ndiye huandika ripoti zinazopanda juu. Tulimkuta afisini na chai yake, akatuambia sisi ni kikundi cha kwanza mwaka huo kuleta kitu kilichopimwa. Huenda alikuwa anatubembeleza. Hata hivyo aliisoma mbele yetu.

Miezi ilipita. Badala ya kuulizana kwenye kibanda cha chai kama tumo kwenye bajeti au hatumo, tuliandika kuomba orodha ya miradi ya wadi yetu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa afisi siku 21 za kujibu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Huhitaji wakili wala huhitaji kusema unaitakia nini. Jibu lilikuja ndani ya muda.

Kwenye orodha kulikuwa na mstari mmoja: ukarabati wa mitaro ya maji ya mvua, ikifuatiwa na jina la wadi. Basi. Tulishangilia. Mzee wa njugu alipoonyeshwa alivua miwani. "Wadi hii ina mitaro kuliko mbwa," alisema. "Nani amewaambia ni wenu?" (Mbwa pia, kwa taarifa yako, ni kazi ya kaunti. Jedwali la Nne limetaja leseni za mbwa kwa jina kabisa, pamoja na makaburi, zimamoto, masoko, taa za barabarani na kuzoa taka. Lisome siku ukiwa na nafasi, utajua ugomvi wako na gavana unahusu nini na hauhusu nini.) Alikuwa na haki. Mstari wa jumla ni nafasi ya kila mtu, na anayeikalia ni aliye karibu. Tukaandika tena, tukiomba mahali patajwe, na tukapeleka nakala kwa mwakilishi wadi, kwa sababu hii sasa ilikuwa kazi yake hasa. Nakiri alifanya. Katika kamati alisema jina la mtaa wetu, na makadirio yalipopitishwa jina lilikuwemo.

Kabla sijafika kwenye kuchimbwa, niseme kidogo juu ya upande wa kulipa, maana dukani kwangu ndiko maswali haya huletwa.

Wenye ploti za mji huchanganya kodi mbili. Ile ya viwanja inayotozwa kwa thamani ya ardhi hulipwa kaunti. Ile ya kupangisha ardhi, kwa wenye hati za muda maalumu, huenda serikali ya kitaifa. Unaweza kuwa umelipa moja kwa uaminifu wote na ya pili inakua riba. Kaunti zikitangaza msamaha, soma vizuri: mara nyingi kinachosamehewa ni riba na faini, deni lenyewe bado ni lako. Kuhusu leseni za biashara, nimechoka na mabroka wanaosimama karibu na milango ya afisi wakijifanya wafanyakazi. Jirani yangu mwenye saluni alimpa mmoja wao pesa taslimu, akaletewa karatasi yenye rangi nzuri, na askari wa kanjo walipokuja kukagua, namba yake haikuwa kwenye mfumo. Lipa mwenyewe kwa simu, ujumbe usiufute, risiti uichapishe uibandike ukutani.

Halafu kuna jiji. Desemba 1, 2021 Rais Uhuru Kenyatta alikabidhi hati ya kuifanya Nakuru jiji la nne nchini, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mtaani kulikuwa na uvumi wa kila namna: kwamba ng'ombe watapigwa marufuku siku hiyo hiyo, kwamba kodi za nyumba zitapanda maradufu. Muuza sukuma wa mkabala na duka langu aliniuliza kama fungu la shilingi 10 bado linaruhusiwa jijini. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyorekebishwa 2019, inataka wakazi angalau 250,000, na sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu 570,674 mjini Nakuru, kwa hiyo kwa idadi tulikuwa tumepita zamani. Kilichokuja na cheo ni bodi ya jiji na meneja wake, walio chini ya kaunti, wenye kushughulika na mambo ya mjini. Kwa kikundi chetu maana yake ilikuwa anwani moja zaidi ya kupeleka nakala.

Wazazi ndio huniumiza kichwa zaidi, na swali lao ni la basari. Mwanzoni mwa 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitumie fedha kwa basari za shule za sekondari na vyuo vikuu bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, kwa sababu elimu hiyo si kazi ya kaunti. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Magavana walipinga, jambo likafika mahakamani, na wazazi wakabaki na fomu mkononi. Kwa sheria, hoja ile ina msingi. Kwa mama aliyeahidiwa mbele ya kanisa zima kwamba mtoto wake atalipiwa, sheria ni maneno tu. Nikiulizwa husema: jaza fomu za kaunti, jaza na za CDF, usitegemee mlango mmoja.

Mtaro ulichimbwa. Mwanakandarasi alikuja na vijana wake, na sisi tukatangaza kwamba vibarua wachukuliwe mtaani, wakachukuliwa baadhi. Bango la mradi lilisimamishwa likiwa na jina la mradi, mwenye kandarasi na muda wa kazi. Nililipiga picha siku ile ile, na vizuri nilifanya, maana upepo ulilichukua mapema. Kuta zilijengwa kwa mawe, kazi ya kuridhisha. Ila karibu na chekechea waliacha mtaro wazi, wenye kina cha kummeza mtoto, na rundo la udongo likaachwa barabarani. Kisha vifaa vikapakiwa, wakaondoka.

Watu walitaka kwenda kufunga barabara. Mzee wa njugu akauliza tu kama kazi imeshakabidhiwa. Ikawa ndipo tukajua kwamba katika kandarasi nyingi za umma sehemu ya malipo huzuiwa kwa muda baada ya kazi kukamilika, ili kasoro zikionekana mwanakandarasi arudi kuzirekebisha. Akishalipwa zile za mwisho, mwito wako ni kwa hisani yake. Barua ikaandikwa usiku huo, ikiwa na picha za ule mtaro wazi na watoto wa chekechea wakiuruka, ikapelekwa kwa mhandisi wa kaunti na nakala kwa msimamizi wa wadi. Vifuniko vya zege vililetwa kwa trekta. Udongo haukuondolewa, ukachukuliwa taratibu na wenye kujaza mashimo kwenye ploti zao, na mwisho hata sikumbuki uliisha lini.

Mvua iliyofuata maji yalipita. Hayakupita yote, kwa sababu kalvati ya chini, ile ya mamlaka ya kitaifa, ni ile ile ya mbwa kujibana. Walitujibu kwa barua fupi, yenye tarehe na sahihi, kwamba imeingizwa katika mipango ya matengenezo. Tumeiweka kwenye faili na kila robo ya mwaka tunawakumbusha kwa kunukuu namba ya barua yao wenyewe.

Lakini kuna sehemu ya mtaro isiyo ya kaunti wala ya mamlaka, nayo hunitia uchungu. Wazoaji taka waliopewa leseni hupita mtaani, na kila nyumba hutakiwa kulipa kiasi kidogo kwa mwezi. Wapo wasiolipa, wenye nyumba za kupangisha hasa, na taka zao usiku hujua njia. Mtaro mpya haujafunga mwaka na tayari kuna nepi ndani. Tulipitisha kwamba mwenye nyumba aongeze ada ya taka kwenye kodi ya mpangaji, baadhi wakakubali, wengine wakasema kikundi kimeanza kujifanya serikali. Mmoja wa hao ana maduka manne na ndiye aliyekuwa wa kwanza kusaini barua ya mtaro. Nikimkuta namsalimu vizuri, na jina lake liko kwenye nakala yenye muhuri.

Sasa hivi tunabishana kuhusu ombi la mwaka ujao. Wanaume wengi wanataka mtaro uendelezwe hadi upande wa pili wa soko. Wanawake wanataka mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, pale kwenye kona wanayoshukia matatu wakitoka kazini, na mimi niko upande wao ingawa katibu hatakiwi kuwa na upande. Taa ina shida zake: ikisimamishwa, bili ya stima yake hulipwa na kaunti, na taa isiyotengewa bili hubaki mlingoti. Kwa hiyo tumeandika mambo mawili katika ombi, taa na bili yake. Mwenyekiti amesema tupeleke yote, taa na mtaro. Nimemwambia karatasi yenye mambo mengi hukatwa kuanzia chini, basi ni lazima kwanza tukubaliane kipi kikae juu. Kura itapigwa Jumapili baada ya ibada. Tangazo la kikao linaweza kutoka siku yoyote, na kwa kuwa gazeti si la bei rahisi, tumegawana siku za kazi: mwenyekiti ananunua Jumatatu, mwenye saluni Jumanne, kijana wa boda Jumatano, na mimi zile mbili zilizobaki.